Jiko Lisilo na Majivu

Tulimzika Mama Neema Jumamosi iliyopita kule Kabonga, na tangu nirudi Rumonge sijaweza kusahihisha hata daftari moja la wanafunzi. Yamerundikana mezani, na mke wangu amekwisha kuniuliza mara mbili kama ninaumwa. Nimemjibu kwamba niko bien, yaani sijambo. Jibu hilo limenitoka kwa wepesi mpaka nimejiogopa, kwa sababu ndilo nililokuwa nikimjibu kila mtu mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, nilipopanga chumba cha nne kwenye parseli ya Mzee Leonidas na nikakaribia kufa bila mtu kujua. Mke wangu anajua kipande tu cha habari hizo, na watoto hawajui lolote. Naandika sasa kabla sijapata busara ya kunyamaza tena.

Habari za wazazi wangu na za safari ya kurudi kutoka uhamishoni naziacha, wengine wamezisimulia vizuri zaidi. Itoshe kusema nilikulia kambini, upande wa Kigoma, na nilirudi Burundi peke yangu. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha mbao, mkeka, jiko dogo la makaa ambalo huku tunaliita mbabula, na msumari mmoja wa kutundikia shati. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Parseli yenyewe, yaani ua wa kupangisha, ilikuwa na vyumba sita vinavyotazamana, bomba moja la maji katikati, na choo nyuma ya migomba. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinu cha mawese, na siku za kuchemsha harufu ya mafuta iliingia mpaka kwenye shuka. Hadi leo nikipita penye mawese yanayochemka huharakisha hatua, na wenzangu hudhani nina njaa.

Nilijiandikisha lise, shule ya sekondari, nikakaa na watoto wa miaka kumi na saba. Hesabu nilizijua, lakini profesa, ndivyo huku wanavyomwita mwalimu wa sekondari, alizieleza kwa Kifaransa, na mimi Kifaransa changu kilianzia bonjour kikaishia hapo hapo. Kirundi changu kilikuwa cha bibi yangu, maneno ya kizee ambayo vijana hawakuwa wakiyasema tena. Kiswahili changu kilikuwa cha ng'ambo, nikaitwa Mutanzania. Siku moja nilitaka kupita kati ya madawati nikasema, “Samahani, naomba nipite,” na kijana mmoja akasimama, akainama mpaka kiunoni kama mbele ya mheshimiwa, akasema, “Excellence, pita!” Darasa zima likacheka. Leo nikilikumbuka jambo lile nacheka na mimi, maana lilikuwa la kuchekesha kweli. Siku ile nililibeba hadi nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo, na kila mtu aliyenisogezea njia baada ya hapo nilimwona ananiinamia kwa dhihaka. Muhula wa pili haujaisha nikaacha kwenda.

Sasa lazima nieleze habari ya moto, kwa kuwa ndiyo iliyobeba mwaka wote ule. Kwenye parseli za Rumonge wakati ule, asubuhi aliwasha mmoja, na wengine wakaenda kwake na kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, wakachukua makaa mawili matatu ya kuanzishia mbabula zao. Viberiti vilikuwepo. Lakini aliyekuja kuomba moto alikuwa ameamka salama, hakuwa na ugomvi na mtu, na aliposimama pale akisubiri makaa yashike aliuliza habari za watoto na kusema ndoto aliyoota. Wazee wa Kirundi wakitaka kusema kwamba watu wawili wamekuwa maadui, husema hawaendeani tena kuchukua moto. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye foleni. Tangu nipate akili nilikuwa nimeshika bakuli, nanyoosha mkono, nangoja mtu anipimie. Nilipovuka mpaka niliapa kwamba sitanyoosha chombo mbele ya mtu tena maishani. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa nilinunua kiberiti, nikafunga mlango, nikawasha moto wangu mwenyewe, na nikajiona mwanamume.

Ukuta kati yangu na chumba cha tatu ulikuwa mwembamba. Aliishi pale Deo, fundi wa kujenga, na mkewe Spesi, watu wa kucheka kila saa. Nilijua wanakula sombe, majani ya muhogo, au maharage kabla sahani hazijagusa mkeka. Jioni moja nilimsikia Spesi akiuliza kwa Kirundi kama yule jirani ni mgonjwa. Kirundi nilikuwa nakisikia vizuri kuliko nilivyokisema. Deo akajibu, “Si mgonjwa. Ana kiburi. Miezi mitatu sasa, umewahi kumwona akija kuchukua moto?” Spesi akasema labda Tanzania ndivyo wanavyoishi. Nilikuwa nimeshika kijiko. Ningeweza kugonga ukuta nikasema nimesikia, tukacheka, mambo yakaishia hapo. Badala yake niliweka kijiko chini taratibu, wasijue kwamba nipo, na tangu siku ile nikaanza kuishi chumbani mwangu kwa kunyata.

Neno sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoisha, nililijua ukubwani, kwenye semina ya walimu, na nilitoka nje ya ukumbi nikajifanya naenda kunawa. Mwaka ule sikuwa na neno. Nilijua tu kwamba mwili umekuwa mzito, kwamba usingizi haunitoshi mchana na usiku hauji, kwamba chakula kina ladha ya karatasi. Niliacha kufua. Nilijitenga na maisha kidogo kidogo: kwanza shule, kisha kwaya ya kanisani niliyokuwa nimejiunga nayo, kisha salamu. Kanisani nilirudi mara mbili tatu tu. Watu wakaniambia “Amahoro!”, yaani amani, nikawajibu “Ni amahoro,” na pasta niliyejaribu kumdokezea akaniambia huzuni ya Mkristo inatokana na kupunguza maombi. Nikapunguza kanisa. Zikawa zinapita siku tatu, nne, sijatumia sauti yangu. Nikienda kioski kununua mkate sauti ilitoka imekwaruza, na mama wa kioski akaniuliza kama nina mafua. Nikamwambia ndiyo, nina mafua. Nilirudi na mkate wangu nimefurahi, kwa sababu mtu alikuwa ameniuliza kitu, na kufika mlangoni nikalia kwa sababu hiyo hiyo.

Nimejiuliza miaka yote hii ni kipi kilitangulia, upweke au ugonjwa. Wataalamu watanisahihisha, mimi nasema nilivyoona. Vilipokezana. Ugonjwa uliniambia watu hawanitaki, nikafunga mlango. Mlango ulipofungwa watu wakakaa mbali, kwa adabu au kwa kukasirika, na ugonjwa ukaniambia, unaona? Kila siku nilijikusanyia ushahidi dhidi ya majirani, na ushahidi wote niliutengeneza mwenyewe. Huku watu husema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Yangu yalikuwa yamejaa hadi kooni, na bado nilipokutana na Mzee Leonidas bombani akaniuliza hali, nikamwambia niko bien, Mzee, murakoze, asante.

Mwezi wa kumi nikaacha kupika. Kuwasha mbabula kulitaka nitafute makaa, nipepee, nisubiri, na mimi sikuona huyo atakayekula anastahili kazi hiyo yote. Nikawa naishi kwa ndizi mbivu na karanga. Baadaye karanga nazo zikanishinda kutafuna. Jumapili moja, nikiwa nimelala nasikiliza kwaya kutoka mbali, niliamua kufa. Nasema wazi, kwa sababu kulisema kwa mafumbo ndiko kunakotumaliza. Nilichopanga sitakisema, hakina faida kwa mtu. Nilipanga kesho yake asubuhi, baada ya watu kwenda kazini. Nikajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nikafua shati langu, nikalitundika kwenye msumari.

Jumatatu kabla jua halijachomoza vizuri mlango ukagongwa. Hakuna aliyewahi kuugonga isipokuwa Mzee Leonidas, na yeye aligonga kwa fimbo. Huu ulikuwa mkono.

“Hodi! Weye mutoto wa Tanzania, uko mu nyumba?”

Alikuwa Mama Neema wa chumba cha kwanza, mjane kutoka Kongo, upande wa Kivu ya Kusini, aliyeanika ndagala, yaani dagaa, ufukweni na kumlea binti yake Neema aliyekuwa na miaka tisa. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Nilifungua nikamkuta amesimama na mbabula yake mkononi, baridi, tupu.

“Nakuya kukuomba moto,” akasema.

“Sina, Mama.”

“Hauna moto?”

“Sina. Nenda kwa Spesi, tayari amewasha.” Na kweli moshi wa Spesi ulikuwa unaonekana, hatua nane kutoka pale.

“Ya Spesi sitaki. Nataka ya kwako.” Akaketi kwenye kizingiti changu, akapanga kitenge chake magotini. “Basi uwashe. Nitangojea.”

Nilimchukia. Naomba nieleweke: sikumwona malaika, nilimwona mwanamke msumbufu aliyenikalia mlangoni siku ambayo nilikuwa na shughuli. Niliwaza nikimpa moto ataondoka. Nikatafuta makaa yaliyobaki kwenye mfuko, yalikuwa kiganja kimoja. Kiberiti kilikuwa kimeshika unyevu wa ziwa, njiti ya kwanza ikakatika, ya pili ikakatika. Yeye hakunisaidia. Alitazama uani akaanza kunisimulia, kana kwamba tulikuwa tumeachia mazungumzo hapo jana, jinsi mtu wa ufukweni alivyomwuzia ndagala zilizochanganyika na mchanga. Njiti ya sita ikashika. Nikapiga magoti nikapuliza, moshi ukanijaa machoni, na machozi yakaanza kutoka yakakataa kusimama. Nilipuliza na kulia, kulia na kupuliza, mbele ya mgeni, na kamasi juu.

“Ile moshi iko mubaya sana,” akasema bila kugeuka. “Puliza tu, mutoto wangu.”

Makaa yaliposhika alichukua nusu kwa koleo yake, akaniachia nusu. Alirudi na sufuria ya chai yenye maziwa na kipande cha muhogo, akaviweka sakafuni, akasema chai isipoe. Kisha akasimama mlangoni.

“Kesho tena nitakuya. Usichelewe kuwasha, Neema anaenda masomo saa moja.”

Hivyo Jumatatu ikapita. Niliahirisha hadi Jumanne, lakini Jumanne mtoto angekosa chai kabla ya shule kwa sababu yangu, nikaona aibu, nikaamka nikawasha. Nikaahirisha hadi Jumatano. Nisidanganye kwamba nilipona. Nilikuwa mtu yule yule, shati lile lile, dirisha lile lile la ukuta. Ila kila asubuhi kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyengoja nifanye kitu, naye alikuja na mbabula baridi, akaketi kizingitini, akalalamika. Nilihesabu maisha yangu kwa siku moja moja namna hiyo, labda miezi miwili. Zilikuwepo asubuhi nilizomtukana moyoni. Ilikuwepo moja nilijifanya nimelala, akagonga mpaka Deo akatoka na suruali mkononi kuuliza kuna nini. Mama Neema akamwambia, “Namungojea huyu anipatie moto.” Deo alinitazama nilipofungua, nikaona kwamba hakuelewa, na kwamba kitu fulani katika uso wake kimelegea.

Kisha ikaja mvua ya ndagala. Wanawake walikuwa wameanika samaki kwenye mchanga, safu kwa safu, na Mama Neema alikuwa amenipeleka ufukweni nimsaidie kufukuza ndege, kazi ambayo hata mgonjwa huiweza. Wingu likatoka upande wa Kongo likavuka ziwa kwa kasi. Ndagala zikilowa zinaoza, na kule desturi haibagui. Mvua ikija, kila aliyepo anakusanya zilizo karibu na mkono wake, ziwe za nani ziwe za nani, zitagawanywa baadaye. Mwanamke nisiyemjua akanipigia kelele, “Weye, murefu! Unaangalia nini? Kamata hapo!” Nikashika ncha ya turubai. Tulikimbia, tukasukumana, nikaanguka juu ya rundo la samaki, wakanicheka, na kicheko kile hakikunichoma. Nilirudi nyumbani nanuka ndagala kichwa hadi mguu. Spesi alikuwa bombani, akaziba pua, akacheka. Nikasema, “Nipatie sabuni basi,” na akanipa. Kumbe kuomba kunatoka mdomoni kama maneno mengine.

Kesho yake nilichukua kigae nikaenda kwa Spesi kuomba moto. Hatua nane. Nimesimama mbele ya wakaguzi wa elimu, nimesimama kanisani nikaoa, sijawahi kuogopa kama siku ile. Spesi aliweka makaa matatu kwenye kigae changu bila kusema neno kubwa, akaniuliza tu, “Waramutse?” Umeamkaje. Na mimi, badala ya kusema vizuri, nikamwambia kwa Kirundi changu cha kizee kwamba nimeamka vibaya, kwamba naamka vibaya kila siku. Akaacha kupepea. Akaniambia niketi.

Ilinichukua muda kumwuliza Mama Neema alijuaje. Tulikuwa tunachambua maharage uani. Akanionyesha kwa kidevu chini ya migomba, mahali ambapo kila chumba kilimwaga majivu yake asubuhi.

“Minafagia hapo kila siku,” akasema. “Ya Deo naiona, ya Mzee naiona. Ya kwako siku tisa haiko. Mutu asiye na majivu hali. Na mutu asiyekula na hasemi, huyo anaenda. Bwana yangu alienda vile. Niliona, nikanyamaza, nikasema ni mambo ya wanaume.” Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. “Siku ingine usiniambie uko bien. Unionyeshe majivu.”

Ningependa kuishia hapo. Nilirudi shuleni, nikajifunza Kifaransa kwa kuchekwa, nikawa mwalimu, na sasa nafundisha Kiswahili, lugha ile ile ya Excellence. Ile methali ya mficha maradhi kwamba kilio humfichua naiandika ubaoni kila mwaka, wanafunzi wananiandikia insha, nawapa alama. Mama Neema alihamia Kabonga Neema alipoolewa huko. Kisha Neema na mumewe wakarudi Kongo kutafuta maisha, na yeye akabaki, akasema mifupa yake imechoka kuhama. Nilimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada. “Uko namna gani, Mama?” “Niko bien, mutoto wangu.” Nami nikasema Mungu asifiwe, nikakata, nikaenda kula. Sikukuu ya mwisho wa mwaka nilimtumia gunia la makaa kwa gari la abiria, nikajisifu kwa mke wangu kwamba sijasahau nilikotoka. Kwenda mwenyewe nilisema Pasaka. Kabla ya Pasaka majirani walimkuta amelala kitandani, siku mbili baada ya roho kutoka. Daktari akaandika presha. Labda ni presha.

Nilifika kabla ya Neema. Alipofika, mwanamke mzima sasa, alitaka moto wa matanga utoke jikoni kwa mama yake, akanituma mimi nikauwashe. Jiko lilikuwa kibanda cha bati nyuma ya nyumba. Gunia langu lilikuwa limesimama pembeni, mdomo wake umeshonwa bado, kwa kamba nyekundu niliyoifunga kwa mikono yangu. Mbabula ilikuwa ile ile ya zamani. Nilitia mkono ndani, nikapapasa chini, nikapapasa pembeni. Kulikuwa na kutu, na utando wa buibui. Majivu hayakuwepo hata ya kupaka kidole. Nilizunguka nyumba yote nikitafuta mahali alipokuwa akimwaga, nikainama chini ya migomba, nikafukua kwa fimbo, watu wakadhani natafuta kitu cha thamani. Kila Jumapili nilikuwa nimemwuliza hali, na sikumwuliza hata mara moja kuhusu majivu.

Kiberiti sikuwa nacho. Nikaokota kigae nikaenda kwa jirani, mwanamke kijana aliyekuwa anapika uji wa waombolezaji. Aliponiona nimesimama na kigae alielewa, akaanza kunichagulia makaa makubwa. Akaniuliza kama marehemu alikuwa mama yangu. Nikasema ndiyo.

“Pole sana, Papa,” akasema. “Sisi hatukumujua vizuri. Hakukuya hapa hata siku moja kuomba moto. Tulisema ule mama, labda ana kiburi.”

Nikanyoosha kigae, akaniwekea makaa matatu, nikarudi nayo nikiyapulizia yasizime.